Nusu ya Saba, Nusu ya Nane

Chupa ya mbuzi namba saba ilitoa povu, ya namba nane haikutoa, na hapo ndipo Phelesia alipojua jambo ambalo hata daktari mkuu mwenyewe hakutakiwa kulijua.

Alikuwa amejikwaa tu. Njia ya kutoka kwenye friji hadi bandani ni ya kokoto, mvua ilikuwa imeitafuna, na gambuti za kituo ni kubwa kuliko miguu yake. Hakuanguka. Aliyumba, akakumbatia kisanduku cha barafu kwa mikono miwili, na alipokifungua kuangalia kama kuna kilichovunjika, akaona. Chupa kumi na mbili, zote maji maangavu, zote sawa kwa macho. Lakini sita zilikuwa na povu shingoni, povu laini kama ute wa yai uliopigwa kwa uma. Sita nyingine hazikuwa na kitu.

"Yawa," akasema peke yake. "Kumbe nyinyi ndio dawa."

Kituo hicho cha utafiti kiko nje kidogo ya mji wa Rongo, nyuma ya mashamba ya miwa. Mkubwa wake ni Daktari Orina, mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu, na siku ya kwanza aliwakusanya wafanyakazi wote, wafagiaji wakiwemo, akawaeleza. Kuna ugonjwa unaitwa sepsisi, alisema. Vijidudu vinaingia kwenye damu, labda kwa kidonda, labda kwa uzazi. Damu ikipambana navyo inachanganyikiwa, inaanza kuganda yenyewe ndani ya mishipa midogo. Figo zinakosa damu, mapafu yanakosa, na mgonjwa anatutoka. Sasa kuna protini inayozuia damu kuganda. Je, inaokoa? Na ikizidi, mgonjwa si atavuja damu? Hiyo ndiyo kazi ya mbuzi. Wote kumi na wawili wataugua, wote watapewa dawa ya kuua vijidudu na ya maumivu, lakini sita wataongezewa protini ile na sita wataongezewa maji ya chumvi. Nani anapata nini, hapa hakuna anayejua. Orodha iko ndani ya bahasha, bahasha iko ndani ya kabati, na ufunguo uko kwa mtu Kisumu.

"Mkijua mtaanza kupendelea," Daktari alisema. "Macho yenu yataona mnachotaka kuona."

Phelesia alikubali kwa kichwa na kwa moyo. Alikuwa na shida moja tu: saba na nane walikuwa mapacha.

Yeye mwenyewe ndiye aliyewachagua. Alikuwa ametumwa na gari la kituo hadi Magunga kutafuta mbuzi wa umri mmoja, kwa sababu huko ndiko anakokaa wifi yake Rispa, na Rispa akikuambia mbuzi huyu hana kikohozi, basi hana. "Hawa wawili wamezaliwa siku moja," Rispa alimwambia, akiwashika masikio. "Nilikuwepo. Ukimpa huyu jani, mpe na huyu. Lakini nakufundisha nini wewe, Min Rude?"

Min Rude ni mama wa mapacha kwa Kijaluo, na hilo ndilo jina la Phelesia mtaani tangu Irine na Marion, Apiyo na Adongo kwa majina ya mapacha, wazaliwe, miaka kumi na mitatu iliyopita. Nyumbani kwake hakuingii kitu kimoja. Mama yake mzazi alimwonya mapema: pacha habaguliwi, ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake, aliyenyimwa hunyauka. Kwa hiyo ni viatu jozi mbili, madaftari mawili mawili, mandazi mawili. Na kitu kisipopatikana kwa sare, kuna sheria: kila mmoja atumie nusu, halafu wabadilishane. Soda ya machungwa na soda nyeusi? Nusu, badilisha. Upande wa kitanda ulio karibu na dirisha? Nusu ya wiki, badilisha. Wasichana wale waliwahi kubadilishana sweta katikati ya ibada ya Sabato, mzee wa kanisa akiwatazama, na mama yao akasema amina.

Sasa mtu kama huyo unampa chupa ya dawa kwa saba na chupa ya maji kwa nane, halafu unamwambia akae kwenye kigoda atazame?

Gisiri, daktari wa mifugo wa kituo, kijana wa Kikuria mwenye mikono mikubwa na mwendo wa taratibu, alitundika dripu zote kumi na mbili. Akakagua sindano kwenye shingo ya kila mbuzi, akaandika saa. "Mama, niangalilie hapa," akasema. "Nakunywa chai nakuja." Alimwamini. Yeye ndiye aliyemfundisha kubadilisha chupa ikiisha, na alimsifu kwa Daktari kwamba mkono wa huyu mama hautetemeki.

Saba na nane walikuwa wamelala mgongo kwa mgongo, homa imewapanda, pumzi fupi fupi. Chupa zilipofika nusu, Phelesia alinawa, akapaka spiriti, akafunga mipira ya dripu na kuzibadilisha. Yenye povu kwa nane. Isiyo na povu kwa saba. Dakika mbili hazikuisha.

"Nyasaye, Mungu wangu," akanong'ona, "sikuiba. Nimegawa."

Gisiri aliporudi akiwa na mandazi ameyafungia kwenye karatasi, alimkuta amekaa kwenye kigoda chake, mikono mapajani, kama mtu aliye kanisani.

*

Siku ya tatu asubuhi, nane alisimama. Saba akamwona mwenzake amesimama, naye akasimama. Wakaanza kulilia majani ya viazi vitamu kwa sauti zilizofika hadi kwenye ofisi, na Phelesia akacheza ndani ya gambuti zake, hatua tatu mbele, mbili nyuma, akipiga vigelegele hadi mfagiaji akaja kuuliza nani ameolewa.

Si wote waliosimama. Wengine walizidiwa, na Gisiri akawachoma sindano ya kuwapumzisha wasiteseke. Na miongoni mwa waliopona, wawili walivuja damu kwenye fizi na wakakojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Phelesia alijua ni wenye povu. Alijua pia kwamba saba na nane hawakuvuja hata tone. Alijua mengi mno kwa mtu aliyeajiriwa kufagia mavi na kushika pembe.

Nyumbani, mumewe Elkanah hakujua lolote, kwa hiyo alikuwa na furaha kamili. Elkanah ni fundi cherehani, ana mashine yake kwenye kibaraza sokoni Rongo. Mkataba wa mkewe wa miezi mitatu ulikuwa unaisha, na Daktari Orina alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba atampa barua ya kudumu. Barua hiyo Elkanah alikuwa ameitangaza kwa wateja, kwa kwaya, na kwa muuza dagaa. Alikuwa amenunua kitambaa cha zambarau chenye maua, amekikata tayari.

"Hili linaitwa gauni la barua," alisema akimpima mkewe kiuno wakati wa chakula cha jioni. "Simama wima, mfanyakazi wa kudumu. Mbona umekonda?"

"Kaa chini, Baba Apiyo. Nina neno."

Akamwambia yote: povu, mapacha, nusu, badilisha. Irine na Marion waliacha kutafuna. Elkanah alining'iniza futi shingoni, akaketi.

"Mbuzi wana midomo?" akauliza.

"Wanayo."

"Wanasema?"

"Hawasemi."

"Basi na wewe usiseme. Kwani kuna aliyekufa? Wamepona wote wawili! Mtu anafukuzwa kazi kwa sababu wagonjwa wamepona?"

Ilikuwa hoja nzuri, na Phelesia alitaka sana kuiamini. Ni Marion aliyeiharibu. Marion ndiye Adongo, aliyezaliwa nyuma, na maneno yake siku zote huja nyuma pia.

"Lakini Mama," akasema, "kwenye karatasi ya Daktari, nane amepewa maji."

"Ndiyo."

"Na amepona."

"Amepona, asante Mungu."

"Basi Daktari atadhani maji yanaponya."

Irine akasogeza sahani yake. "Na atadhani dawa si kitu," akamalizia. "Halafu mtu akija hospitali akiwa na huo ugonjwa, watamwacha."

Phelesia alimkumbuka jirani yao aliyejifungua mwaka jana, aliyepandwa na homa siku ya nne, ambaye walimbeba juu ya godoro hadi barabarani. Hakurudi. Mtoto anatembea sasa, anamwita bibi yake mama.

"Ngoja barua kwanza," Elkanah akasema, sauti imeshuka. "Ngoja hadi Ijumaa tu. Baada ya hapo sema unavyotaka."

"Sawa," Phelesia akasema. Lakini jioni hiyo hakusimama tena kupimwa, na gauni la barua lilibaki bila pindo.

*

Ijumaa haikungojwa. Jumatatu bahasha ilifunguliwa, na majibu ya damu yakafika kutoka maabara, na Daktari Orina akaita kila mtu bandani. Alikuwa na karatasi mbili, moja kwa kila mkono, na alikuwa anazitazama kwa zamu.

"Namba nane," akasema, "kwa orodha hii, alipewa maji ya chumvi. Kwa majibu haya, damu yake ina protini." Akainua macho. "Gisiri, ni wewe uliyetundika chupa."

"Nilizitundika sawasawa, Daktari."

"Karatasi haidanganyi."

"Nilisoma namba mara mbili."

"Basi soma tena!" Sauti ya mwalimu wa hesabu ilipanda. "Miaka miwili nimeomba fedha za kazi hii. Miwili! Halafu mtu anachanganya chupa kwa sababu anakimbilia chai."

Wafagiaji wawili waliangalia chini. Gisiri, na ukubwa wake wote, alikunja mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa. Hakusema kwamba hajawahi kuchanganya chupa maishani. Aliinama juu ya karatasi akaanza kusoma upya, na hilo ndilo Phelesia hakuweza kulitazama.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini, Mama?"

"Mimi nilibadilisha. Gisiri hana kosa. Chupa zilipofika nusu, niliipeleka ya saba kwa nane na ya nane kwa saba. Nilijua ipi ni dawa kwa sababu ilitoa povu nilipojikwaa. Kila mmoja alipata nusu."

Saba na nane waliendelea kutafuna. Daktari Orina alizibana karatasi zote mbili kwapani.

"Kwa nini?"

"Ni mapacha, Daktari."

"Mapacha."

"Ndiyo. Pacha habaguliwi."

Gisiri akatoa sauti ambayo angeapa haikuwa kicheko. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Lakini Daktari hakucheka. Alisema polepole, bila kufoka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, "Vua koti. Acha gambuti. Nenda nyumbani, Mama."

Phelesia alirudi nyumbani na kandambili, kwa njia ya nyuma ya miwa, ili asipite sokoni ambako mumewe ameshatangaza barua. Alipita sokoni hata hivyo, kwa sababu njia ya nyuma ilikuwa imejaa maji. Muuza dagaa akamwita kwa sauti kubwa, "Hongera, Min Rude! Barua imetoka?" Akajibu, "Imetoka," na kuendelea kutembea.

Elkanah alisikia habari akiwa kwenye mashine. Hakusema nilikuambia. Alikanyaga pedali, akamaliza mshono, akauma uzi.

"Umemwokoa yule kijana?"

"Nimemwokoa."

"Basi." Akalikung'uta gauni la zambarau. "Jaribu hili."

"La nini sasa? Barua hakuna!"

"Kitambaa kikishakatwa kimekatwa, Mama Apiyo. Nitakiunganisha tena na duka?"

Akalivaa. Lilimkaa vizuri mno, likamtia uchungu, akalia kidogo na kucheka kidogo. Sabato hiyo alienda nalo kanisani, kichwa juu, na mtu alipouliza habari za barua, Elkanah alijibu kabla hajaulizwa mara ya pili: "Mke wangu amefukuzwa kwa kusema ukweli. Wewe ulifukuzwa lini kwa sababu hiyo?" Maswali yakaisha.

*

Wiki mbili baadaye, Jumapili mchana, gari la kituo lilisimama mlangoni. Daktari Orina akashuka, Gisiri nyuma yake akiwa amebeba mkungu wa ndizi za kwao Kuria. Wasichana walikimbia kutandaza kitambaa mezani. Elkanah akaweka maji jikoni. Phelesia akabaki amesimama katikati ya nyumba, mikono haijui pa kwenda.

"Karibu, Daktari. Karibu, mwanangu."

"Asante, Mama. Keti na wewe, kwani hii ni mahakama?"

Daktari alikunywa chai kwanza, kikombe kizima, kama adabu inavyotaka. Kisha akaanza.

"Saba na nane nimewatoa kwenye hesabu. Utafiti umebaki na mbuzi kumi. Nimeandika kwenye ripoti, wazi, kwamba mhudumu alivuruga chupa. Waliotupa fedha wamesoma. Nimeaibika, Mama, sitakuficha."

"Nisamehe, Daktari."

"Bado sijamaliza. Waliopata dawa kamili wamepona wengi kuliko wa maji. Hilo ni jema. Lakini wawili wamevuja damu, na hilo ndilo tatizo la dawa hizi miaka yote. Zinaokoa kwa mkono huu, zinaua kwa mkono huu." Akaweka kikombe. "Halafu kuna wako wawili. Nusu, nusu. Wamepona, na hawakuvuja tone."

Elkanah aliruka kwenye kiti. "Si nilisema! Wuololo! Mke wangu amegundua dawa!"

"Hajagundua kitu, Baba," Daktari akasema, lakini mdomo wake ulikuwa unajizuia. "Mbuzi wawili si ushahidi. Labda walikuwa na bahati. Labda ni damu ya kwao Magunga. Mbuzi wawili ni swali tu. Ila ni swali zuri, na mimi sikuwa nimeliuliza."

Gisiri akainama mbele. "Kamati ya utafiti imekubali, Mama. Tunarudia. Makundi matatu safari hii. Dawa kamili, dawa nusu, na maji. Mbuzi kumi na wanane."

"Na chupa zote zitafungwa karatasi nyeusi," Daktari akaongeza, "na maji yatatiwa kitu kinachotoa povu. Watu wanne wenye digrii tulitazama chupa zile, hakuna aliyeona. Aliyeona ni mtu mwenye gambuti kubwa."

"Na hao wawili, Daktari?" Phelesia akauliza. "Saba na nane?"

"Wako wazima, wanatumaliza majani. Watabaki kituoni, hawataugua tena. Zizi moja, hori moja. Gisiri ameahidi."

"Nimeapa," Gisiri akasema.

Phelesia alishika kifua. Hakuuliza kuhusu kazi. Aliogopa kuuliza, na ukweli ni kwamba kwa dakika ile alikuwa ameridhika.

Daktari Orina akafungua mkoba, akatoa bahasha mbili. "Watu wanaokosea ninao wengi," akasema. "Wa kusema 'ni mimi' kabla hajaulizwa, sina. Hii ni barua ya onyo. Itakaa kwenye faili lako mwaka mzima, na nimeiandika nikiwa na hasira, kwa hiyo ni kali. Na hii nyingine ni ya kazi."

"Ya miezi mitatu?"

"Isome."

Lakini Phelesia macho yalikuwa yamejaa machozi, hakuona hata herufi. Irine akachukua bahasha moja, Marion akachukua nyingine, kwa sababu zilikuwa mbili na wao walikuwa wawili. Wakasimama bega kwa bega mbele ya meza.

"'Kitendo chako,'" Irine akasoma kwa sauti ya kusikitisha, "'kilikuwa kinyume cha taratibu zote za kituo, kiliharibu matokeo ya mbuzi wawili, na kilimtia mwenzako lawamani bila kosa...'"

"'Kwa barua hii,'" Marion akasoma, sauti ikipanda, "'unaajiriwa kwa masharti ya kudumu kama mhudumu mkuu wa wanyama, kuanzia tarehe mosi...'"

Hapo wakafika katikati. Hakuna aliyemwambia mwenzake neno, hawakutazamana hata. Karatasi zikapishana juu ya vikombe, ya kulia ikaenda kushoto, ya kushoto ikaja kulia, na wakaendelea pale pale walipoachiana.

"'...mwezi ujao,'" Irine akapaza sauti, amechangamka, "'pamoja na likizo na bima ya matibabu kwa familia yako yote!'"

"'...na kikirudiwa,'" Marion akanuna, "'utaachishwa kazi bila kusikilizwa.'"

Elkanah alikuwa ameshapiga magoti, anamshukuru Mungu kwa Kijaluo na kwa Kiswahili. Gisiri alikuwa anapiga makofi. Daktari Orina peke yake ndiye ambaye hakusogea. Aliwatazama wasichana, akazitazama zile karatasi, akamgeukia Phelesia aliyekuwa anajifuta uso kwa pindo la gauni la zambarau.

"Ndivyo ulivyofanya?" akauliza. "Kwenye dripu?"

"Hivyo hivyo, Daktari."

Daktari akaanza kucheka. Alianza kidogo kidogo, akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka miwani ikamtoka na Gisiri akaiokota. Alipopata pumzi aliomba kikombe kingine cha chai, na Elkanah, bila kuulizwa, akaleta viwili.